Mpini wa Vidole Vitatu

Mimi ni fundi wa mipini. Ya jembe, ya shoka, ya mhoro wa kukatia majani ya migomba. Ukinunua mpini sokoni Kamachumu na haukukutoa malengelenge, huenda ni wangu. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo naandika kama ninavyosema, na walionikosea nitawataja. Majina ya nini, Kamachumu nzima inawajua.

Tulijifunza wawili kwa mzee mmoja wa Buganguzi. Mwenzangu alikuwa na mkono mwepesi, nami nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza. Mzee alikuwa na tupa moja ya chuma ya kulainishia mbao, upande mmoja bapa, wa pili umebinuka, meno yake yamesimama moja moja kama ulimi wa ng'ombe. Alitufundisha kuisukuma mbele na kuinyanyua inaporudi. Mimi nilitii. Mwenzangu aliivuta huku na huku kama anayesugua sufuria, na bado kazi yake ikatoka nzuri kuliko yangu. Mguu wa kiti alioulainisha yeye, mzee aliupitisha shavuni, halafu akanyamaza. Wangu aliupapasa kwa mkono tu.

Kisha likaja tetemeko. Ukuta wa karakana ukaniangukia. Mimi nilitoka hai. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilibaki chini ya matofali. Nilipopona, tupa ilikuwa inanigeukia kiganjani, nikajua ufundi umekwisha. Mzee hakuwa mtu wa pole nyingi. Alichukua kisiki cha mti wa kahawa, akachonga mpini mpya wa ile tupa. Akanishikisha, akapunguza, akanishikisha tena, siku mbili nzima, mpaka vidole vitatu vikapata makao na kiganja kikapata pa kuegemea.

"Sasa hii ni ya nani?" mwenzangu aliuliza, anacheka.

"Ishike wewe, tuone," mzee alimjibu.

Aliishika, ikamkataa. Nilimwona anavyoiweka chini haraka, nikafurahi. Sifichi.

Baadaye alimwoa binti wa mzee. Mzee alipofariki, siku ya kumaliza matanga, tuliketi kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, kisahani cha kahawa ya kutafuna kikizunguka. Mgawo wa urithi ulipofika kwenye vyombo vya kazi, mkwe aliinuka kidogo.

"Mama, vya baba nitavitunza mimi."

Kwetu mkwe harithi, na wazee wa ukoo walilijua hilo. Walitafuna kahawa yao wakitazama mlangoni. Mjane akasema, "Chukua, mwanangu." Mimi nilikuwa pale pale mlangoni, mkono nimeuficha kwenye koti. Asiye wa ukoo hasemi vitu vikigawanywa. Basi namtaja mkwe, namtaja mama, nawataja wazee. Na mimi nijitaje, maana mdomo nilikuwa nao.

Miaka ikapita. Yeye ana karakana Buhembe, huko Bukoba mjini, ana mashine, anauza vitanda na makochi, na hata kiti cha padri alichonga yeye. Mimi nikabaki na tupa ya dukani ambayo meno yake yanajaa unga wa mbao kabla mpini haujafika nusu, nimeifunga matambara ili isinigeukie. Mwaka huu nilichoka. Nikashuka Bukoba kuidai ile ya mzee.

"Karibu, fundi wa majembe," alisema.

"Nimefuata tupa. Ile yenye mpini wangu."

Aliitoa ukutani bila kubisha. "Ungesema zamani, ndugu yangu. Mimi naitumia kwenye kona tu, mashine isikofika. Nilidhani hukuitaka, mbona siku ile ulinyamaza?"

Mpini ulikuwa mwingine. Wa mviringo, wa mtu wa vidole vitano.

"Wa zamani uko wapi?"

"Ule uliopinda? Nadhani uliishia jikoni."

Kutoka Kamachumu nilikuwa nimepanga maneno ya ugomvi, nilitaka aninyime. Yeye akanipa kama anavyompa jirani chumvi. Na meno yalikuwa makali, yamepigwa brashi ya waya. Hata kuitunza amenishinda.

Nyumbani niliung'oa mpini wake, nikatafuta kisiki cha kahawa. Lakini wa kunishikisha hayupo. Nachonga kwa mkono wa kushoto, najishikisha mwenyewe wa kulia, napunguza, nakosea. Huu wa sasa ni wa tatu. Unakaa, ila jioni kidole cha kati kinauma.

Mpini wake nilikusudia kuutia motoni, jiko kwa jiko, tuwe sawa. Nilikuwa nimeshachuchumaa mbele ya mafiga. Kabla ya kuutupa niliupitisha shavuni, nikanyamaza. Uko juu ya dari, nimeuviringisha kwenye kitambaa.