Mkono Uliopita Kwenye Pazia

Mama yangu alipokuja kutoka Kabongo, alikaa kwetu Kamina siku tisa bila kumtazama mume wangu usoni. Hawakugombana. Kwetu Waluba, mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukwepana: hawali pamoja, hawagusani, na wakitaka kusemezana hupitia kwangu, hata wakiwa chumba kimoja. Kazi hiyo haina mshahara.

Balaa ni kwamba mume wangu ni muuguzi, tena hawezi kuona mkono wa mtu mzima bila kutaka kuupima. Mama akaupitisha mkono kwenye pazia la mlango, uso ameugeuzia ukutani. Bwana naye, akitazama dari, akaufunga kitambaa cha kupimia presha. Siku tatu mfululizo, presha ilikuwa juu.

"Tansio iko mubaya," akaniambia. "Mama hapana kusafiri. Njia ya Kabongo itamuua."

Mvua zilikaribia na shamba la mama halijalimwa. Alinuna kweli. "Ambia bwana yako, minyi siko mugonjwa. Shamba njo iko mugonjwa." Nikamfikishia: mama si mgonjwa, shamba ndilo gonjwa.

Mimi nafundisha biolojia, na niliona aibu kuchelewa kuelewa. Woga ukimshika mtu, kama mama akimnyooshea mkwewe mkono, adrenalini huingia kwenye damu na kubisha hodi kwenye seli za moyo. Milango ya kalsiamu hufunguka zaidi, ioni zake humiminika ndani, msuli hujikaza kwa nguvu. Kisha pampu huzirudisha ghalani upesi, ili pigo jingine lije haraka. Moyo wa mama ulikuwa mzima, ila una adabu kupita kiasi.

Nikampima mwenyewe, ametulia jikoni. Kawaida kabisa. Mume wangu akakataa: eti mwalimu hajui kufunga kitambaa.

"Basi lete mkono wako." Nikamkalisha palepale mlangoni, mama yuko upande wa pili wa pazia. Nikasoma namba kwa sauti. Ilipita zote za mama.

Pazia likatikisika. "Ambia bwana yako, yeye njo hatasafiri."

Bwana akacheka mpaka akashika ukuta. Mama naye akacheka, upande wake. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuwasikia wakicheka pamoja.

Kesho yake bwana akaubeba mzigo wa mama hadi kwenye lori, akauweka chini, akarudi nyuma hatua kumi.

"Ambia bwana yako apumzike," mama akaniita kutoka juu. "Moyo yake iko muzuri."

Niligeuka kumfikishia. Alikwisha kusikia, anajipangusa macho.