Misonobari ya Batt Hurley

Finín Driscoll alipong'oa jiwe lile, Batt Hurley alikuwa akikamua ng'ombe. Alisikia trekta ya jirani yake ikinguruma, akatoka na ndoo mkononi, akalikuta limelala ubavu kwenye tope. Lilikuwa moja ya yale mawili marefu ya lile duara la mawe lililosimamishwa na watu wa kale. Mtu akisimama katikati yake, siku iliyo fupi kuliko zote, huliona jua likizama juu kabisa ya jiwe pana lililolazwa tangu kale upande wa pili wa duara. Mama yake Batt alimwaga maziwa pale kila mwaka, na wanakijiji waliyazunguka mawe wakifuata jua, vichwa wazi kwa heshima.

"Banda langu linataka msingi," Finín alisema. "Utaniroga, Batt?"

"Miye? Hata kuku sina."

Majirani waliokuja kutazama walicheka. Kule Ayalandi, mtu akitaka kumharibia jirani hufukia mayai viza katika nyasi zake kavu, na baraka ya shamba ikahama. Basi kila kiangazi Finín akapekua nyasi zake rundo kwa rundo, akachoma hata zilizo safi, mpaka ng'ombe wake wakakonda majira ya baridi. Moyo wa Batt ulisuuzika, lakini haukushiba.

Yeye alikuwa akipanda misonobari kwenye kilima chake, upande jua linakozama. Mchana kweupe.

"Unajipandia jeneza, mzee?" Finín alimtania kutoka uani kwake.

"La mtu halikosekani," Batt akajibu, akashindilia udongo kwa kisigino.

Miaka ikaenda. Vijana wakahamia London na Boston, na siku ile fupi ikawa siku ya televisheni. Finín akaugua kifua. Desemba moja akamwomba binti yake, Nóirín, ampeleke kwenye mawe, alione jua kama alivyoliona mgongoni mwa mama yake. Batt akawafuata, kofia kichwani.

Jua likateremka, likamezwa na misonobari kabla halijaligusa jiwe. Finín akaitazama miti, kisha akamtazama jirani yake.

"Kumbe ni hii."

"Ni hiyo."

"Nami nachoma nyasi!" Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Batt, ndugu yangu, kata michache tu. Mwakani sipo."

"Rudisha jiwe, nikate yote."

"Nililipasua. Unajua."

"Najua."

"Mzee Batt, Mungu anakuona!" Nóirín alilia.

"Anione. Na siku ile ya trekta pia aliona."

Finín alizikwa kabla ya Kwaresima. Baridi ilipokatika, Batt alipanda mstari mwingine, pale mwanga ulipokuwa bado ukipenya.