Miguu ya kinanda

Mwalimu wa kwaya alisema mtoto asiyekuja na mzazi hafundishwi kinanda. Mama wa mjukuu wangu alikuwa ametoka kujifungua, basi nikaenda mimi. Kinanda kile cha upepo hakilii bila pedali zake za chini kukanyagwa, na miguu ya mtoto ilikuwa inaning'inia tu. Yeye akabonyeza, mimi nikakanyaga.

Kwetu wanaokanyaga ndizi za kutengeneza pombe ya rubisi ni wanaume. Akina mama waliokaa na watoto wao wakacheka. "Bibi, hiyo pombe tutainywa lini?"

Nikaona aibu, nikasimamisha miguu. Sauti ikakatika.

Mjukuu akanigeukia amekunja uso. "Bibi, kanyaga!"

Nikakanyaga mpaka wimbo ukaisha. Jumapili akapiga, kanisa zima likasimama kuimba, na miguu ilikuwa yangu.