Mchanga Niliomtilia Odero

Mkitaka habari za Odero niulizeni mimi, Kimaiyo, maana nusu ya mabega yale niliyajenga mimi.

Alipofika Nakuru kutoka jeshini, mwaka wa hamsini na moja, alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Tulibeba mahindi pamoja kwenye stoo ya stesheni, magunia ya ratili mia mbili, mimi nikipiga mluzi, yeye akihema. Kila Agosti stesheni ilishindana na watu wa kinu cha unga kuvuta kamba, na mtu wa mwisho, yule anayefungwa kamba kiunoni, alikuwa mimi. Siku hizo mke wangu Jepkoech alipita sokoni kama mke wa chifu.

Halafu Odero akaanza kunenepa shingo.

Nyuma ya nyumba yake ya reli aliweka gunia la mchanga. Jumanne na Ijumaa jioni alilitia begani, akachuchumaa na kusimama mara kumi. Kila Ijumaa aliongeza kikombe kimoja cha mchanga, akachora mstari wa chaki ukutani. Siku nyingine alipumzika. Alikula maharagwe, mayai na dagaa wa omena, akalala saa mbili usiku kama kuku. Nikamcheka. Akanieleza, kwa upole wake ule wa kuudhi, kwamba mwili wangu ulishazoea zile ratili mia mbili, hauna sababu ya kuongeza nyama. Mwili ukiongezewa mzigo kidogo huumia kidogo, halafu mtu akila na kulala, unajijenga kuliko mwanzo. Eti alifundishwa na sajini wa mazoezi. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu na sijawahi kusikia upuzi kama huo.

Lakini jioni moja Jepkoech alimwona akichota maji bila shati, akaja kuniambia, "Baba Chepkosgei, huyu Odero siku hizi anajaa mlango mzima."

Usiku huo ugali niliurudisha jikoni.

Mwaka wa hamsini na sita nyapara wetu, Micah, akasema nafasi ya mwisho ya kamba itashindaniwa. Basi kila Alhamisi, Odero akiwa kanisani, nilikwenda kumtilia mchanga ili gunia limshinde, vikombe viwili, mara nyingine vitatu. Ijumaa ya kwanza miguu ilimtetemeka akafika mara ya saba tu. Nyuma ya ua nilicheka mpaka nikajiuma mkono. Yeye akadhani amelegea. Akaongeza mayai, akanunua maziwa ya Dundori, akalala mapema zaidi. Baada ya wiki mbili akamaliza kumi. Nikatia tena. Akamaliza tena. Tulikwenda hivyo toka Aprili mpaka Julai.

Siku ya kushindania nafasi, Micah alimfunga kila mmoja wetu kamba, wanaume wanne wakamvuta. Mimi nilishikilia sana, msidanganywe, lakini nililima nyasi kwa visigino. Odero alisimama tu. Wanne wakaketi chini wenyewe.

Akaja kunisaidia kufungua kamba kiunoni, akainama sikioni mwangu. "Nilipima lile gunia kwenye mizani ya stoo," akasema. "Lilizidi hesabu ya chaki yangu kwa ratili thelathini na mbili. Ukimjua aliyenitilia, ndugu yangu, mpe asante. Mimi mwenyewe ningeogopa kuongeza kiasi hicho."

Alishika ile nafasi miaka sita, mpaka aliporudi kwao. Kila Agosti watu walimpigia makofi, na Jepkoech kwa nguvu kuliko wote, na hakuna hata mmoja aliyenipigia mimi.