Pepa Ambayo Hamjaonana

Jumapili, saa kumi na robo alasiri, Kimaka, Jinja.

Naandika saa kwa sababu nilikuwa naangalia simu wakati Habuba alipoanza kunisimulia. Habuba ni mama yake mama. Sisi Wanubi ndivyo tunavyomwita bibi. Alikuwa muuguzi mpaka alipostaafu. Mimi nasomea kazi hiyohiyo Mbale, niko mwaka wa mwisho, nina miaka kumi na tisa. Nimekuja Jinja siku nne kujisomea.

Jambo lenyewe ni hili. Muhula uliopita niliugua nikakosa wiki saba za darasa. Mkufunzi wetu, Madam Nambozo, aliniambia nichague: nifanye mtihani wa leseni na wenzangu mwezi ujao, au nisubiri awamu inayofuata, miezi sita mbele. "Mimi sikuchagulii," akasema. "Uniambie kabla ya Jumatatu saa nne asubuhi. Jina likishaenda halirudi." Nikasema sawa Madam. Sikumwuliza nitajuaje, kwa sababu mimi huwa siulizi.

Kwa hiyo nimekuwa nikijipima. Nina pepa mbili za zamani, maswali mia moja kila moja, ya kuchagua A, B, C au D. Nyuma ya daftari hili nimeandika maksi zangu: 58, 67, 79, 88, 92. Leo mchana Nafuna, ambaye bwenini analala kitanda cha juu yangu, aliandika kwenye grupu ya darasa: "Aliye chini ya themanini aende Masese akaanike mukene, wagonjwa awaachie wenye akili." Mukene ni dagaa wa ziwani, na Masese ndiko wanakoanikwa. Wakacheka wote. Sijawahi kutuma kitu pale isipokuwa pole na hongera. Nikatuma 92. Nafuna akajibu: "Ee! Kumbe bubu wetu ana meno!" Nilifurahi, sitasema uongo.

Habuba alikuwa amekaa mkekani barazani anasuka kawa ya kufunikia chakula, ukili mwekundu na wa kijani. Nikampelekea daftari aone namba. Akalisogeza mbali na macho yake, akasoma.

"Hizi ni pepa tano?"

"Ni moja, Habuba. Nimeifanya mara tano."

"Na ile nyingine?"

"Naihifadhi."

"Unamhifadhia nani?"

Akaweka kawa chini, na yeye haweki kawa chini hivihivi. Yanayofuata ni maneno yake. Nimeondoa tu pale alipokatiza kumfukuza kuku kwenye ukili.

"Kuna siku moja ya Mbale sijaisahau, mwanangu, na si kwa uzuri wake. Nilikuwa na umri wako huo. Bwenini kwetu palikuwa na daftari ambalo wasichana waliotutangulia walikuwa wameandika maswali ya mtihani, kila mtu kwa mwandiko wake, na herufi ya jibu pembeni. Tukalipitisha kitanda kwa kitanda. Tulikuwa tunaliita Mama Mkubwa, kwa sababu lilikuwa linajua kila kitu. Mimi nililifanya mpaka nikapata tisini na sita. Basi nikaacha kusoma. Usinitazame hivyo, niliacha kabisa. Wenzangu wakienda kusoma, mimi najipaka mafuta naenda zangu mjini kuangalia vitambaa. Nilikuwa nimeshajipa leseni mwenyewe.

"Zikabaki wiki mbili. Niko wodi ya wazazi, zamu ya mchana. Sista wetu, muuguzi mkuu wa wodi, alikuwa Mgisu mmoja mfupi, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na hiyo sauti ndogo ndiyo tuliyokuwa tunaiogopa. Mama mmoja amejifungua. Mtoto salama, kondo la nyuma limetoka, sote tumeshaanza kupumua. Mara naona kitambaa kinalowa. Nikakiinua, chini yake pamelowa zaidi. Sista yuko ng'ambo ya kitanda. Akasema, 'Binti, kitu cha kwanza?'

"Swali hilo nilikuwa nalijua, mwanangu. Lilikuwa namba kumi na nne kwenye Mama Mkubwa. Nikafungua mdomo nikasema, 'C.'"

Hapa nilitaka kucheka. Nikaona yeye hacheki.

"Nilisema C, tena kwa nguvu, kama askari anamjibu afande. Sista hata hakunitazama. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya tumbo la yule mama, anasugua, anasugua, huku anaita wenzake walete sindano. Akasugua mpaka mji wa mimba ukakaza. Damu ikapungua, ikakatika. Yule mama alitoka wodini kwa miguu yake, mtoto mikononi, akatuaga sisi sote, na mimi pia akaniaga. Hakujua. Kama siku ile angekuwa na mimi peke yangu, angepata C.

"Jioni Sista akanikuta nasuuza mashuka. Nilidhani atanifukuza. Akauliza tu, 'Hilo daftari lenu, unapata ngapi?' Kumbe alikuwa analijua siku zote. Nikasema tisini na sita. 'Na mara ya kwanza ulipata ngapi?' Hamsini na moja, Sista. 'Basi hiyo hamsini na moja ndiyo yako. Zilizobaki ni za daftari.' Nikadhani amemaliza. Akaongeza, 'Na katika hiyo hamsini na moja, ngapi ulibahatisha?' Nikasema sijui. Akasema, 'Basi hata hiyo hujui kama ni yako.' Akaenda zake. Sijawahi kupigwa kofi likaniuma vile.

"Ungedhani nilisikia. Hapana. Nilikuwa na haya. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa, na kila mtu bwenini alikuwa anajua tisini na sita yangu. Ningeanzaje kusema sijawa tayari? Nikaingia mtihani na haya yangu. Maswali yalikuwa yaleyale ya Mama Mkubwa, ila wameyageuza kidogo, mgonjwa mwingine, majibu yamehamishwa. Nikaanguka. Wenzangu walipovaa mikanda yao ya uuguzi, mimi ndiye niliyewapigia pasi sare. Hilo hata mama yako sijamwambia.

"Sasa sikiliza, mwanangu. Pepa mkishaonana haikupimi tena. Inakufundisha, na kufundishwa ni kuzuri, irudie hata mara kumi, ila usiandike maksi ukajidanganya nazo. Ukitaka kujipima tafuta pepa ambayo hamjaonana. Kaa kitini, si kitandani. Simu mpe mtu. Saa iwepo, na ikiisha imeisha. Kila unapobahatisha weka nukta pembeni, hata kama moyo unakuambia umepata. Ukimaliza hesabu ulizopata, kisha toa zile zenye nukta. Itakayobaki ndiyo akili yako. Zenye nukta ni bahati, na siku ya mtihani huwezi kuiambia bahati ije saa tatu kamili.

"Tena usihukumu kwa siku moja ukiweza. Siku moja kichwa kinauma, siku nyingine maswali yamekupenda. Fanya hata tatu, siku mbalimbali. Ukiona zinakaribiana, basi hapo ndipo ulipo. Leo umechelewa, unayo moja tu, lakini hata moja itakuonyesha kama uko mlangoni au bado uko mbali, njiani huko Buwenge. Na kitu kingine, ziba herufi kwa kiganja, ujibu kwa mdomo wako kabla hujachagua. Mgonjwa haji na A, B, C, D.

"Ila usinielewe vibaya. Nimeona na waoga waliokuwa tayari, wakaahirisha, wakaahirisha, mpaka wakaolewa. Namba ikisema nenda, uende. Ikisema ngoja, ungoje, na usione haya kuisema mbele za watu. Haya ndiyo iliyonipotezea muda, si ujinga. Ujinga ungeisha kwa kusoma.

"Mungu akupe kichwa kisichokudanganya na mkono unaowahi. Atakayelala kitandani mbele yako, akuone amshukuru Mola. Na siku utakayovaa mkanda wako, nikupigie pasi mimi, kwa raha safari hii. Haya, niletee chai."

Nikamletea. Sukari niliweka nyingi kwa kusahau, naye akainywa yote. Nikatazama simu. Chini ya 92 yangu kulikuwa na vidole gumba kumi na moja.

Jumatatu asubuhi.

Saa kumi na mbili na nusu nilikaa kwenye meza ya cherehani. Habuba alibana saa yake ya kazini kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini, akaweka simu yangu mfukoni mwa dera lake. Wanajeshi wa chuo cha kijeshi cha hapa jirani walikuwa wanapita barabarani wakikimbia na kuimba. Akafunga dirisha.

Pepa ilikuwa ngumu mwanzoni, halafu ikawa ya kawaida. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa naweka nukta. Namba thelathini na moja ilikuwa mama amejifungua, damu inatoka nyingi, ufanye nini kwanza. Swali hilo limo pia kwenye ile pepa niliyoirudia mara tano, na kule jibu lake ni C. Kidole changu kikaenda C chenyewe, kabla sijasoma. Nikasoma. Jibu safari hii lilikuwa limekaa A. Nikalipata, lakini nikaweka nukta, kwa sababu najua kidole kilikuwa kimekwenda wapi.

Nimepata 64. Nukta zilizo kwenye majibu sahihi ni 21. Inabaki 43.

Habuba alinipa simu akarudi kwenye kawa yake.

Saa tatu na dakika arobaini nikampigia Madam Nambozo. Sauti yangu ilikuwa ndogo, akaniambia niongee kwa nguvu, kuna kelele ofisini.

"Niweke awamu ijayo, Madam."

"Una hakika? Wenzako wanasema umepata tisini na mbili."

"Ile ilikuwa mara ya tano, Madam. Pepa ileile."

Akasema, "Sawa. Uje na vitabu vyako Jumatano, tuanzie pale ulipougua."

Halafu nikafungua grupu. Nilifuta nilichoandika mara tatu. Mwishowe nikatuma hivi: "92 ilikuwa marudio. Pepa mpya ni 64, na 21 nimebahatisha. Nasubiri awamu ijayo. Mukene nitaanika." Nikaweka simu uso chini. Hakuna aliyejibu kwenye grupu. Baada ya muda ikalia, ni Nafuna, ameniandikia pembeni, peke yangu: "We, hizo za kubahatisha unazijuaje?"

Nikamweleza habari ya nukta, yote, mpaka kiganja.

Kisha nikachukua pepa nikaenda kukaa mkekani. Habuba akaitazama namba thelathini na moja, akaziba majibu kwa kiganja chake, rangi ya ukili bado kwenye vidole.

"Binti, kitu cha kwanza?"

"Mkono tumboni, nasugua," nikasema. "Na mdomo unaita watu."

"Kwa sauti hiyo nani atakusikia?"

Nikasema tena, kwa nguvu. Kuku wakatawanyika.