Baba Hakuridhia

Neno lenyewe lilisemwa redioni, kwenye kipindi cha Bunge, jioni moja mama akiwa anamenya ndizi. Mbunge wetu alisimama kule Dodoma akalieleza Bunge tukufu kwamba wananchi wa jimbo lake, kwa ukarimu wao uliotukuka, waliridhia kutoa mashamba yao kwa ajili ya huduma za wakimbizi. Wabunge wenzake wakagonga meza. Baba alikuwa uani akikaza mguu wa kiti. Akaacha.

"Kasema tumefanya nini?"

Nikamwambia. Akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayedhani kosa ni langu. Nikarudia: tumeridhia.

Baba alikaa kwenye kile kiti kabla hakijakazwa vizuri, akatikisa kichwa mpaka taarifa ya habari ikaanza.

Sisi ni watu wa huku Ngara inakokaribiana na Biharamulo. Sokoni kwetu ni Rulenge, na shangazi yetu mkubwa ameolewa Nyabusozi. Watu walipoanza kuvuka mpaka na magodoro kichwani, hakuna aliyengoja mbunge amfundishe ukarimu. Walilala chini ya migomba yetu. Mama alitoa sufuria kubwa, lile la harusi, likakaa jikoni miezi. Lugha zetu zinasikilizana, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani wa kumwambia mwanamke mwenzake amlete mtoto aogeshwe. Nasema haya mapema kwa sababu wapo watakaosoma na kudhani baba yangu aliwachukia wakimbizi. Hata kidogo. Mzee mmoja aliyekuja na mbuzi wawili alikuwa rafiki yake, wakigombana kuhusu bao kila Jumapili baada ya misa.

Shamba ni jambo jingine. Lilikuwa la mteremko, karibu na barabara kubwa, ardhi nyekundu inayokubali karanga. Babu ndiye aliyelifyeka. Asubuhi moja tulisikia muungurumo, tukatoka, tukakuta greda limeshafika katikati ya karanga. Nyuma yake lori la changarawe. Baba alikimbia akiwa na suruali moja mkononi na nyingine mwilini, maana alikuwa anabadilisha nguo za kwenda gulioni. Kijana aliyevaa kofia ya plastiki akamwambia asiwe na wasiwasi, ni eneo la maghala na maegesho ya malori ya chakula, kila kitu kimeshazungumzwa. Baba akauliza kimezungumzwa na nani. Kijana akasema, na wahusika.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na bado sijakutana na hao wahusika.

"Niliombwa maji, nikatoa," baba alisema ile jioni ya redio. "Niliombwa kuni, nikatoa, mpaka miti ikaisha. Shamba sikuombwa. Mtu anaridhiaje kitu ambacho hakuulizwa?"

Mama akamwambia ni maneno tu ya wanasiasa, yatapita kama mengine. Baba akasema hayatapita. Yanayosemwa Bungeni yanaandikwa, na yakishaandikwa yanakaa. Malori yakiondoka, akienda kudai shamba lake, au nikienda mimi, au mwanangu, tutaonyeshwa mstari mmoja na kuambiwa: mzee wenu aliridhia, someni wenyewe. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Changarawe alijua itaondoka kwa jembe na jasho. Lile neno hakujua ataliondoa kwa nini.

Baadaye shirika lenye maghala likagawa shukrani kwa wenye maeneo: unga wa mahindi, mbaazi za njano na debe la mafuta ya kula. Majirani walichukua, na siwalaumu, njaa haina baunsa. Baba alikataa. Alisema akila ule unga atakuwa ameuza. Mama alikuwa na maoni yake kuhusu kiburi kisichopikika, na kwa siku kadhaa aliyatoa kwa sauti kila alipofunika chungu cha mihogo. Lakini hakwenda kuchukua ule unga kwa siri, ingawa alijua mlango wa ghala.

Mbunge alipokuja kufanya mkutano wa hadhara, baba alivaa koti lake la harusi za watu na kwenda kusimama mbele kabisa. Mbunge alihutubia juu ya pikapu. Alizungumzia barabara, usalama, na sifa njema ambazo wilaya zetu zimeipatia nchi. Muda wa maswali ulipofika baba akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, shikamoo ya umri unipe mimi, salamu ya cheo nakupa wewe. Ulisema Bungeni tuliridhia. Mimi nani aliniuliza?"

Watu walicheka kwa ile salamu. Mbunge akatabasamu. "Swali zuri sana, mzee wangu. Nimelichukua, na nitalifanyia kazi. Nitakuletea majibu."

Kulichukua alilichukua kweli, kwa sababu hatukuliona tena. Baba alimngoja. Kila aliposikia mbunge amepita Rulenge au anaonekana Biharamulo, koti lilitoka kwenye msumari. Alifika mara gari limeshaondoka, mara mheshimiwa yuko kwenye kikao cha ndani, mara msaidizi anamwambia mzee jibu lako liko kwenye mchakato. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na niko nyumbani, nikiuza nyanya na kuonywa kuhusu mdomo wangu, na nilimwambia baba aachane nao. Akaniambia mtu akikuahidi jibu mbele ya watu, hilo si lake tena, ni lako. Kisha kifua kikamshika, na mvua za mwaka ule hazikumkuta.

Mheshimiwa alikuja msibani. Hilo wabunge wetu hawakosei. Barabara yaweza kukosekana, maji yakakosekana, lakini kwenye msiba mbunge atafika. Hakuwahi mazishi, alifika siku ya kuanua tanga, na rambirambi kwenye bahasha na watu wanne nyuma yake. Akapewa kiti, sisi tumekaa chini kwenye nyasi. Alisema marehemu alikuwa nguzo, mzalendo, mtu aliyejitolea ardhi yake kwa ajili ya ubinadamu. Nilimwona mama akiinamisha kichwa. Nilihisi hasira ikinipanda hadi masikioni. Walikuwa wanamzika mara ya pili, safari hii ndani ya uongo, na sisi tumeketi tunaitikia amina.

Kwetu kabla tanga halijaanuliwa kuna swali moja ambalo lazima liulizwe. Msemaji wa familia anasimama mbele ya watu na kuuliza kama yupo anayemdai marehemu, na kama yupo ambaye marehemu anamdai. Mwenye dai anasema, na anayedaiwa anakubali au anakataa papo hapo, kila mtu akisikia. Mara nyingi hakuna anayesema kitu. Kama dai lipo, ni la gunia la maharage au dume la mbuzi. Ni kazi ya wanaume. Siku ile alisimama baba mdogo, akauliza, akahesabu kimya chake, na alikuwa anataka kukaa.

Nikasimama mimi. "Marehemu anadai."

Baba mdogo akanitazama kwa macho ya kuniambia kaa. Sikukaa. Mdomo ulikuwa wangu.

"Anamdai mheshimiwa. Alimuuliza swali mkutanoni, akaahidiwa jibu mbele ya watu hawa hawa. Amekufa hajalipata. Swali lilikuwa hili: nani alimuuliza kabla ya shamba lake kuchukuliwa? Sisi warithi wake tunalidai jibu hilo."

Mmoja wa wale waliokuja na mbunge akaanza kuniambia hapa si mahali pake. Mbunge akamzuia kwa mkono, akasimama mwenyewe. Akaanza: "Ndugu wafiwa, suala la ardhi na wakimbizi ni pana, linagusa mahusiano ya nchi yetu na majirani..."

Shangazi yetu wa Nyabusozi, ambaye magoti yalikuwa yamemchosha tangu asubuhi, akajikokota mbele.

"Mwanangu, msibani hatuhutubii," alisema. "Deni unarikubali ama unarikataa?"

Mbunge alikuwa mtoto wa huku. Suti haikumsahaulisha hilo. Mtu anayekana deni la marehemu kwenye tanga, hata kama hakuna linalompata, hatapewa mwari katika kijiji hicho wala hatasadikiwa sokoni. Alitazama bahasha mezani, akatazama watu. Alisema kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ndogo kuliko ile ya kwenye pikapu, kwamba analikubali. Mzee hakuulizwa. Hakuna aliyeulizwa.

"Utarilipa lini?" shangazi akauliza.

"Nitasema Bungeni. Kikao kijacho."

Baba mdogo akatangaza kwamba deni limekubaliwa, tanga likaanuliwa, watu wakanawa. Mama alinishika mkono, akanikaripia kwa kusimama mbele ya wanaume, na hakuuachia mkono mpaka watu wakatawanyika.

Kikao kijacho kilifika. Wakati huo wakimbizi walikuwa wameshaondoka, pamoja na yule mzee wa bao, na maghala yalishang'olewa. Kwenye shamba letu ilibaki changarawe, uzio wa waya na mlinzi mmoja. Nilinunua betri mpya za redio. Tulikaa mama, shangazi na mimi. Mheshimiwa akaitwa, akasimama, akauliza swali lake la nyongeza: je, Serikali ina taarifa kwamba baadhi ya wananchi wanadai hawakushirikishwa ipasavyo katika utwaaji wa maeneo yao? Naibu waziri akajibu kwamba Serikali inalifanyia kazi.

Basi. Hilo ndilo deni lililolipwa.

Nililirudia lile swali kichwani usiku kucha. Baadhi. Wanadai. Ipasavyo. Mtu aliyesema mbele ya tanga letu kwamba hakuna aliyeulizwa, alipofika Dodoma alituvika maneno mengi mpaka hatukuonekana. Shangazi aliuliza kama sasa imeandikwa kwamba baba hakuridhia. Nikamwambia imeandikwa kwamba tunadai. Akatema mate nje ya mlango.

"Basi wacha waandike," alisema. "Na sisi tuna pa kuandikia."

Kesho yake tulitoka na majembe, mama, shangazi na mimi, na baba mdogo akatukuta njiani na sururu yake bila kuitwa. Tuliinua ule waya tukapita chini yake. Changarawe ilikuwa imeshindiliwa vibaya, jembe likigonga mikono inakufa ganzi hadi begani. Tukaanzia juu ya mteremko, tukisomba mawe kwa karai na kuyamwaga kando ya barabara. Majirani wawili waliokuwa wanapita walisimama, kisha nao wakaingia.

Mlinzi alikuja mbio, filimbi mdomoni. Alikuwa mtu mzima, wa kutoka mbali, na naamini hakupenda kazi ile zaidi yetu. Alituuliza tuna kibali cha nani kuingia pale.

Mama hakuwa amesema neno mbele ya mgeni tangu siku ya mazishi. Alinyooka, akajifuta jasho kwa upande wa kanga, akamtazama.

"Na hao waliokuweka hapa," alimuuliza, "walimwomba nani?"

Mlinzi alifungua mdomo, filimbi ikaanguka ikaning'inia kwenye kamba yake. Sisi hatukumngoja atafute jibu; majembe yalikuwa yamesharudi kwenye changarawe.