Bendera ya Milima Mitano

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya ushonaji ya misheni, hapa Mbulu mjini, nilipewa mkasi na kukatazwa kukata chochote. Nilitoka kijijini Nambis nikijiona fundi, kumbe hata kupinda ukingo sijui. Msimamizi wa kwanza, mama mkali, alinipa rundo la sare zilizoharibika. "Fumua kwanza," alisema. "Ukishajua mwenzako alikosea wapi, nitakupa cherehani." Nikafumua wiki nzima.

Baadaye nilihamishiwa Endagikot kushona sare za shule, kisha Katesh, karakana ya hospitali. Huko ndiko nilikoshona bendera. Bendera si shuka, vijana. Ukingo wa upande wa mlingoti unapindwa mara mbili na kutiwa kamba. Nembo inadariziwa pande zote mbili, la sivyo upande wa pili unaonyesha nyuzi tupu.

Sista aliyekuwa muuguzi mkuu alitoka Nikaragua, nchi ya Amerika ya Kati. Alikuwa amezalisha akina mama wa Katesh tangu ujana wake. Alipougua na kujua hatapona, aliomba azikwe huku kwetu, ila jeneza lake lifunikwe bendera ya kwao. Alinieleza mwenyewe: bluu juu na bluu chini ni bahari mbili zilizo pande mbili za nchi, nyeupe katikati ni amani, na ndani ya nyeupe kuna pembetatu yenye volkano. Sikuuliza ni ngapi. Mtu anayekaa Katesh, chini ya Mlima Hanang, anajua mlima mmoja tu, ule unaomtazama kila asubuhi. Nikadarizi mmoja, mkubwa, mzuri kweli, hata wingu nikauwekea.

Nikampelekea kitandani. "Shikamoo Sista, nimemaliza."

"Marahaba." Aliitazama muda. "Mwanangu, ni mitano. Zamani tulikuwa nchi tano katika shirikisho moja, likavunjika. Mlima mmoja ni wetu, minne ni ya jirani zetu. Hatukuwafuta."

Nilirudi karakana nikiona aibu. Msimamizi wa Katesh, bwana aliyependa kazi iishe kuliko iwe sawa, alinikuta nimeshika wembe.

"Acha hivyo hivyo. Anaweza kufa kesho. Nani hapa atahesabu milima ya Nikaragua?"

"Yeye ameshahesabu."

"Ukifumua, Jumatatu usirudi."

Nikafumua mbele yake, uzi baada ya uzi.

Nilidarizi mitano nyumbani kwangu kwa siku tatu, hata upande wa ndani, ule ambao ungelala juu ya mbao za jeneza. Nilipompelekea, macho yake yalikuwa yameishiwa nguvu. Akapapasa kwa kidole, mmoja mmoja, hadi wa tano, kidole kikabaki pale. Nililia, sifichi.

Jumatatu nilifukuzwa. Nilirudi Nambis nikawashonea majirani mpaka macho nayo yakagoma. Wenzangu walistaafu kwa barua na sherehe, na mpaka leo wananiambia ningeomba radhi tu. Radhi ya nini?

Siku ya mazishi ya Sista, msimamizi yule alibeba jeneza upande wa mbele, bendera ikimgusa shavu. Nilisimama kando nikiwatazama watu wote. Hakuna hata mmoja aliyehesabu milima. Hapo msimamizi alisema kweli. Na leo ningefumua tena, mbele yake.